Mizani na Ubora wa Bondia

Vijana wapendao masumbwi, wawe wa Morogoro mjini au wa huku Matombo, katika milima ya Uluguru, hawachoki kubishana: kati ya bondia wa uzito mwepesi na yule wa uzito wa juu, ambao hawatakutana kamwe ulingoni, ni yupi aliye bora? Wako waonao kuwa swali hili ni la upuuzi, maana mzito akimpiga mwepesi ubishi umekwisha. Sisi twaona kuwa ni swali la haki, nalo lastahili kuchunguzwa na walimu na wanafunzi.

Yatupasa kwanza tujiulize kwa nini mabondia hupimwa uzito. Mizani haikuwekwa ili kumtambulisha aliye bora. Iliwekwa ili kuondoa faida ya ukubwa wa mwili, yabaki yashindaniwe ustadi, mazoezi na ushupavu. Basi anayetumia ukubwa wa mwili kama hoja anakibomoa kile ambacho mizani ilikijenga.

Mfano tunao hapa Afrika Mashariki. Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 mjini Mexico City, George Foreman wa Marekani alitwaa nishani ya dhahabu ya uzito wa juu. Philip Waruinge wa Kenya, aliyepigana katika uzito wa unyoya, yaani usiozidi kilo 57, alipata shaba. Hata hivyo, Kombe la Val Barker, ambalo lilikuwa la bondia mmoja aliyewapita wenzake wa uzito wote kwa ustadi, alikabidhiwa Waruinge. Tuzo hiyo haikudai kwamba angeweza kumwangusha Foreman. Ilidai kwamba ustadi una mizani yake.

Lakini mizani hiyo haina mawe wala namba. Yategemea jicho la mwamuzi, na jicho hupendelea. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, Waruinge alipata dhahabu, naye Titus Simba wa Tanzania alipata fedha katika uzito wa kati. Mtanzania atasema kuwa Simba alishindwa na John Conteh wa Uingereza, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1974, hivyo fedha yake ilikuwa na thamani kubwa. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini je, angeitoa iwapo Simba angekuwa Mkenya?

Hapo ndipo lilipo fundisho. Kulinganisha si kosa, bali anayelinganisha yampasa kutaja kipimo chake kabla ya kutaja jina la mtu, kisha akikubali kipimo hicho hata kikimnyima ushindi mtu wa kwao. Mwalimu naye, awapangapo wanafunzi wenye vipawa mbalimbali, afuate kanuni hiyo hiyo. Wahenga walisema: kila ndege huruka kwa ubawa wake. Haki ni kuutazama ubawa kwanza, ndipo tuupime urefu wa safari.