Umeiona Picha. Sasa Umesimama Wapi?

Andiko: Mwanzo 9:20–23, Luka 10:30–37



Swali la wiki hii limetoka kwa vijana wetu wa Kitale, na nililisikia tena kwa ndugu zetu wa Bungoma: Je, ni dhambi kutazama na kutuma picha za watu waliokufa kwa ajali au shambulio? Wengine wanasema, "Pasta, hiyo ni habari tu." Wengine wanasema ifutwe mara moja. Mimi naona tuanze na swali lingine: picha hii imenisimamisha wapi? Kwa maana kila picha humpa mtazamaji mahali pa kusimama. Tuangalie mbili, zote za Nairobi.

Ya kwanza ni ya tarehe 21 Septemba 2013, siku al-Shabaab waliposhambulia jengo la maduka la Westgate. Aliyeipiga ni Goran Tomasevic wa shirika la habari la Reuters. Mtoto mdogo wa kike anakimbia peke yake sakafuni. Mbele yake yuko Abdul Haji, ameshika bastola mkono mmoja, na mwingine ameunyoosha kumpokea. Haji hakuwa askari. Aliingia mle na bastola yake ya leseni kwa sababu ndugu yake alikuwa ndani, akasaidia kutoa watu asiowajua.

Angalia vile hiyo picha imekaa. Katikati hakuna damu. Kuna ile nafasi tupu kati ya mtoto na mkono. Jicho lako haliwezi kutulia. Linakimbia na mtoto. Unajikuta unasema moyoni, "Fika, fika!" Picha imekuweka upande wa mkono.

Hata hivyo tusidanganyane. Pale Westgate waliuawa watu 67, na kwenye picha hiyo hawamo. Mtu akibaki nayo peke yake anaweza kudhani siku ile ilikuwa hadithi ya uokoaji. Picha nzuri pia inaweza kuficha.

Ya pili ni ya tarehe 15 Januari 2019, shambulio la hoteli ya DusitD2 kule Riverside. Waliuawa watu 21. Gazeti la New York Times la Marekani liliweka mtandaoni picha ya watu waliouawa mgahawani, wamelalia meza walizokuwa wamekaa. Wakenya walikasirika, wakataka iondolewe. Gazeti likajibu kwamba wasomaji wanahitaji kuona wazi ubaya wa mashambulizi kama hayo. Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya likaliandikia barua likitaka picha iondolewe na radhi iombwe. Wengi waliuliza: wafu wa kwao wangeonyeshwa hivyo?

Hapa picha imefungwa. Hakuna anayekimbia, hakuna mkono, hakuna la kufanya. Wewe umesimama, wao wamelala. Wewe unawaona, wao hawawezi kukuona wala kujifunika. Na mtu wa nyumbani kwao hahitaji kuona uso. Shati analijua, pengine yeye ndiye aliyelifua.

Biblia inalijua jambo hili. Nuhu alipolala uchi hemani, Hamu aliona, akatoka nje kuwaambia ndugu zake. Na alichosema kilikuwa kweli kabisa! Hakuongeza chumvi. Lakini Shemu na Yafethi walichukua nguo, wakatembea kinyumenyume, wakamfunika baba yao bila kumtazama. Hema ni lilelile, habari ni ileile. Mmoja alitoka na habari, wawili wakaingia na nguo. Kwa hiyo kusema "lakini ni ukweli" hakutoshi kuwa ruhusa.

Kabla ya kuingia kwenye huduma nilisoma biashara, na somo moja halijanitoka: gharama haipotei. Kama wewe huilipi, kuna mwingine anailipa. Kutuma picha ni kama bure, bando ya shilingi chache tu. Ajali ikitokea barabara ya Webuye kuelekea Kitale, kabla majeruhi hawajafika hospitali, picha zimeshafika kwa magrupu ya WhatsApp. Anayetuma anapata faida yake: ameonekana wa kwanza kujua. Bili inaenda kwa mama fulani aliye shambani anapalilia mahindi. Simu ndiyo itamwambia kifo cha kijana wake, kabla mchungaji, mzee wa mtaa ama shangazi hajafika kumshika mkono. Hiyo biashara hakuikubali, lakini yeye ndiye anayeilipa.

Sasa mtu ataniuliza: Pasta, tukificha kila kitu, si uovu utajificha hapo hapo? Ni swali la haki. Mwaka 1955 kule Mississippi, Marekani, kijana mweusi wa miaka 14, Emmett Till, aliuawa kikatili na wazungu. Mama yake, Mamie, aliamua jeneza libaki wazi mazishini kule Chicago, ili watu waone alichofanyiwa mwanawe, na jarida la Jet likachapisha picha. Picha hizo ziliamsha wengi kudai haki. Lakini angalia aliyefungua jeneza ni nani. Ni mama. Mwenye kubeba gharama ndiye aliyeamua. Hata Injili haifichi mateso ya Bwana wetu msalabani. Na Injili hiyohiyo inatuonyesha Yusufu wa Arimathaya akiuomba mwili na kuufunga kwa sanda.

Turudi Luka 10. Kuhani aliona. Mlawi aliona. Msamaria aliona. Wote watatu walikuwa na jambo moja mbele ya macho. Tofauti ilikuwa miguuni. Wawili walipita kando. Aliyekaribia ni yule ambaye wasikilizaji wa Yesu hawakumtarajia. Ndivyo ilivyokuwa Westgate: washambuliaji walikuwa wakitenga Waislamu na wengine, na Haji, Mwislamu, akamnyooshea mkono mtoto asiyemjua.

Basi wiki hii picha ya namna hiyo ikiingia kwa simu yako, jiulize matatu kabla kidole hakijagusa. Moja: wa nyumbani kwake wameshajua, na wamekubali? Mbili: inamsaidia nani? Kama ni ushahidi wa uovu, ipeleke kwa wanaoweza kuufanyia kazi, wala si kwa grupu la kwaya. Kama ni kutafuta ndugu wa majeruhi ama watu wa kutoa damu, andika maneno. Mwili wa mtu hauhitajiki hapo. Tatu: nikishaiona, miguu yangu inaenda wapi?

Ukikosa majibu, usitume. Funika. Halafu fanya kile picha haiwezi kufanya: nenda wodini, kaa na familia, changia mazishi, peleka unga na sukari kwenye matanga.

Mungu atufanye watu wanaoingia hemani na nguo. Amina.