JASHO LA NANI KATIKA UKURASA WA WENGI?

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nao walisema kweli. Lakini vidole vikiwa vitano na chawa akavunjwa, hubaki suala: ni kipi kilichobana, na kipi kilichokaa kando kikingojea sifa?

Suala hili si geni, ila leo limeingia darasani kwa mlango mpya. Tarehe 25 Machi 1995, Mmarekani Ward Cunningham alifungua katika intaneti kurasa ambazo azisomaye aweza pia kuziandika na kuzisahihisha. Akaziita wiki, si juma la siku saba tulijualo sisi, bali ni neno la watu wa Hawaii lenye maana ya haraka. Mwaka 2001 ikaja Wikipedia, na mwaka 2006 ikaja Google Docs, ambamo watu wengi huandika hati moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa kwake.

Walimu nao wanajifunza kuvitumia vyombo hivi. Mwalimu huwagawa wanafunzi watano watano, akawapa ukurasa mmoja waandike, tuseme, habari za pepo za kaskazi na kusi. Kazi ikitoka nzuri, wote hupewa alama sawa. Je, hiyo ni haki? Huenda mmoja amekesha na wanne wamelala. Huyo mmoja amedhulumiwa jasho lake, na wale wanne wamedhulumiwa zaidi, kwani wamefunzwa kwamba sifa hupatikana bila ya kazi.

Wako wasemao: basi na tuyaache hayo, kila mtoto aandike peke yake. La, kwani asiyefunzwa kushirikiana utotoni atakuja kufunzwa na nani? Na chombo chenyewe kina dawa yake. Nyuma ya ukurasa huo pana historia, ionyeshayo nani ameandika nini, siku gani na saa gani, maadamu kila mwanafunzi ameingia kwa jina lake mwenyewe. Mwalimu asiyejua kuifungua ni kama kadhi ahukumuye bila ya kusikiza mashahidi, na mashahidi wamekaa mlangoni pake.

Wala haimtoshi kuhesabu maneno. Huenda mmoja ameandika mistari mia, na mwenziwe amesahihisha tarehe moja iliyokosewa, na sahihisho hilo likawa na thamani kuliko mistari yote. Tena historia hiyo haimwonyeshi yule aliyetoa fikra kwa mdomo, mwenziwe akaiandika. Kwa hivyo mwalimu akisha kusoma, na awaite wote, awaulize, awasikize.

Basi kujifunza vyombo hivi si kufuata mtindo wa zama. Ni sehemu ya uadilifu. Mwenye kutoa hukumu hana budi kukijua kile anachohukumia. Na mwalimu asiyejua na aulize, hata kama wa kumwuliza ni mwanafunzi wake. Aibu ya kuuliza ni ya saa moja. Dhuluma hukaa moyoni mwa mtoto miaka.

Nawe mzazi, mtoto akija nyumbani na furaha ya kazi waliyoifanya pamoja, usimwulize tu wamepata ngapi. Mwulize: mkono wako umo wapi?