Je, Mwenye Kufika Nyuma Amejitaabisha Bure?



Mwaka uliopita, baada ya mtihani wa Ubatizo, mzee mmoja wa darasa langu alinirudishia kitabu chake cha katekisimu. Alikuwa amekifunga katika kitambaa safi. Akaniambia: «Mwalimu, watoto nilioanza nao wamenipita wote. Hata mjukuu wangu amekubaliwa, na mimi ninaambiwa ningoje tena. Nimeshindwa. Afadhali nikae nyumbani.»

Mzee huyo, alipokuwa kijana, alichukua magunia ya makaa kwa baisikeli, ile tunayoiita kinga, akiisukuma milimani tangu alfajiri mpaka sokoni. Kwa hiyo nikamtolea mfano wa baisikeli, nami ninauleta kwenu pia.

Yako mashindano ya baisikeli yasiyofanyika katika barabara nzuri, bali milimani na porini, juu ya mizizi, mawe na matope. Yaliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1996, huko Atlanta, katika Marekani. Washindani huanza pamoja, nao huizunguka njia ile ile mara nyingi. Mpira wa gurudumu ukipasuka, watu waliosimama kando ya njia hawana ruhusa ya kumsaidia mwenyewe. Sharti atengeneze kwa mikono yake, au aisukume baisikeli mpaka mahali palipowekwa kwa msaada. Tena mtu akitoka katika njia, sharti arudi pale pale alipotokea.

Tarehe 12 Agosti 2012 mashindano hayo yalifanyika Hadleigh, upande wa mashariki wa London. Jaroslav Kulhavý wa Ucheki alifika wa kwanza. Nino Schurter wa Uswisi alifika wa pili, akiwa nyuma kwa sekunde moja tu. Mbali nyuma yao alikuja Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya mwaka 1994, na aliyechaguliwa kubeba bendera ya nchi yake katika michezo hiyo. Yeye alikuwa wa 39.

Mzee akauliza: «Huyo wa 39 alipewa nini?»

Nikajibu: «Baba, hakupewa nishani.»

Akasema: «Basi alijitaabisha bure.»

Je, ni kweli? Tufikiri pamoja.

Katika mashindano kuna mambo mawili: nafasi na njia. Nafasi ya mtu haitegemei nguvu zake peke yake, bali hutegemea nguvu za wengine pia. Kama Kulhavý angeanguka siku ile, Schurter angekuwa wa kwanza bila kuongeza bidii hata kidogo. Angepata dhahabu, lakini asingekuwa mtu bora kuliko alivyokuwa. Basi nafasi haiwezi kutuonyesha thamani yote ya mtu. Njia ni jambo jingine. Kila jiwe alilopita Niyonshuti alilipita kwa jasho lake mwenyewe. Hakuna aliyeweza kulipita kwa niaba yake, wala hakuna awezaye kumnyang'anya kazi hiyo.

Sasa mfikirie mtu mwingine. Yumo kichakani, mahali pasipo mwamuzi. Anaona mwanya kati ya miti, anakata njia, anatokea mbele ya wenzake. Atafika mapema, na watu watampigia makofi. Lakini je, amemaliza mwendo? Hata kidogo. Amepata nafasi, amepoteza njia. Na dhamiri yake, aliyokuwa nayo kichakani, inajua. Vivyo hivyo mkatekumeni anayenakili majibu ya jirani yake atakubaliwa na watu, lakini sala hajaijua.

Tazameni basi: mwenye kudanganya ili awe wa kwanza, na mwenye kuacha kwa sababu ni wa mwisho, wanaonekana kuwa mbali sana. Lakini kosa lao lina mzizi mmoja. Wote wawili wamedhani kwamba nafasi ndiyo yote.

Labda mtu atasema: «Kama ni hivyo, kutaka kushinda ni dhambi?» Siyo dhambi. Schurter alikuwa wa tatu mwaka 2008 na wa pili mwaka 2012. Hakuacha kazi yake, na mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, alifika wa kwanza. Hamu ya kushinda ni njema ikikuongezea bidii. Ni mbaya inapokufanya utamani mwenzako aanguke.

Mtakatifu Paulo, alipowaandikia Wakorinto, alitumia mfano wa mashindano. Aliwafundisha kwamba taji la wanamichezo linanyauka, lakini taji letu halinyauki. Nasi tuongeze jambo moja: taji la michezo, akilipata mmoja, wengine wanalikosa. Taji la Mungu, akipewa jirani yako, halipungui kwako.

Hapa mfano wetu unakoma. Katika mashindano hayo, aliyechelewa mno huondolewa na waamuzi, ili asiwazuie walio mbele. Mungu hafanyi hivyo. Mkumbuke wale vibarua walioingia katika shamba la mizabibu jioni sana: Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha kwamba walipewa mshahara sawa na wa kwanza. Asiyepata ni yule aliyekataa kuingia.

Nilipomaliza, nilimwambia mzee: «Baba, ulipokuwa ukipanda mlima na makaa yako, vijana walikupita. Je, ulimwaga makaa njiani kwa sababu hiyo?»

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: «Mwalimu, watoto wangu wangekula nini?» Akakichukua kitabu chake, akaenda zake. Jumatatu alikuja darasani, akakaa katika benchi la mbele, kati ya watoto wapya.

Wapenzi, hata ninyi mlioambiwa mngoje mwaka mwingine, msikirudishe kitabu. Hakuna atakayewauliza Mbinguni kama mlikuwa wa ngapi. Mtaulizwa kama mlishika njia. Tumwombe Mungu neema ya kudumu mpaka mwisho.