Faida ya Mmoja, Madhara ya Mwingine

Kila kitu chenye manufaa kina gharama, na gharama hiyo haina budi kulipwa na mtu. Swali ambalo yatupasa tulitafakari, msomaji, ni hili: je, ni haki mtu mmoja avune faida ya kitu, na mwingine alipe gharama yake kwa mwili wake? Aghalabu watu hujibu upesi kwamba si haki. Lakini jibu la upesi ni kama dhahabu isiyopimwa. Na tulipime kwa mfano wa mgodi mmoja uliokwisha fungwa.

Katika nchi ya Hispania uko mji uitwao Almadén. Jina hilo ni la Kiarabu, na asili yake ni moja na neno letu madini. Mji huo ulitoa zebaki kwa miaka zaidi ya 2,000, na yakadiriwa kwamba thuluthi moja ya zebaki yote iliyopata kutumiwa na wanadamu ilitoka huko. Mwanzoni mwa karne ya 21 uchimbaji ulikoma, na leo wageni hushuka mashimoni kutazama tu.

Zebaki ya Almadén hupatikana hasa ndani ya jiwe jekundu liitwalo sinaba, ambalo ni zebaki iliyoungana na salfa. Miaka milioni 400 na zaidi iliyopita, mahali hapo palikuwa chini ya bahari, na volkeno zilikuwa zikifanya kazi karibu. Sinaba ikaingia katika matabaka ya mchanga, na mchanga ule ukashindiliwa hata ukawa mwamba mgumu. Humo jiwe lilikaa kimya. Lakini mtu alipolivunja na kulichoma tanuruni, salfa iliachana na zebaki, na zebaki ikapanda kuwa mvuke. Mvuke ukapozwa, ukawa maji mazito ya rangi ya fedha, yenye uzito mara 13 na zaidi kuliko maji ya kunywa. Mvuke uliobaki hewani haukuonekana kwa macho wala haukuwa na harufu. Ulivutwa na waliosimama karibu.

Ni nani waliosimama karibu? Katika karne ya 16 ilivumbuliwa njia ya kutenga fedha na mawe yake kwa zebaki, na migodi ya fedha ya Mexico ikaihitaji sana. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1566 wafungwa waliohukumiwa kuvuta makasia katika merikebu za mfalme walipelekwa Almadén, na watumwa nao wakanunuliwa kwa kazi hiyo. Walitetemeka mikono, wakatokwa na meno, na baadhi yao wakarukwa na akili. Fedha ilikwenda kwa mfalme na kwa matajiri waliokodi mgodi. Kutetemeka kulibaki kwa mfungwa.

Yamkini utasema, "Wale walikuwa wahalifu, nao walistahili adhabu." Hoja hiyo ina sura ya haki, lakini itazame vizuri. Hakimu aliwahukumu kwa idadi ya miaka, wala hakuwahukumu kufa. Ila wengi walikufa kabla ya siku ya kuachiliwa. Adhabu inayozidi hukumu si adhabu tena, ni dhuluma. Mwingine atasema kwamba zebaki imetupatia kipimajoto, vioo na dawa. Ni kweli. Lakini wingi wa faida hauonyeshi kwamba gharama imegawanywa kwa haki. Mwizi naye aweza kutumia mali aliyoiba kujenga msikiti au kanisa, na mwenye mali akabaki ameibiwa.

Labda watu wa zamani hawakujua? Mwaka wa 1593 hakimu mmoja, Mateo Alemán, ambaye baadaye alipata sifa kwa utunzi wa vitabu, alitumwa Almadén kuchunguza hali ya wafungwa. Aliwahoji wenyewe, na maneno yao yakaandikwa. Uchunguzi ule ulifanywa kwa siri, na wafungwa waliendelea kupelekwa kwa miaka karibu 200 baadaye. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lote. Asiyejua aweza kusamehewa. Lakini aliyejua akaendelea kupokea faida, ameshiriki katika kosa, hata kama hakushika mjeledi.

Usidhani kwamba habari hizi ni za mbali. Huko Migori katika Kenya, na Geita katika Tanzania, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na unga wa mawe ili inase chembe za dhahabu, kisha huuchoma mchanganyiko ule, pengine uani, watoto wakiwa karibu. Zebaki hupanda hewani, hushuka mitoni, huingia katika samaki, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Utasema mchimbaji amekubali mwenyewe. Lakini ridhaa ya asiyejua si ridhaa, na ridhaa ya mwenye njaa ni nyembamba mno. Tena mtoto yule hakuulizwa.

Walimwengu wameanza kuitambua haki hii. Mwezi wa Februari 2009, mataifa yaliyokutana Nairobi yaliamua kufanya mkataba juu ya zebaki. Ukatiwa sahihi Japani mwaka wa 2013, ukaanza kutumika mwaka wa 2017. Viko vifaa vya kunasa mvuke, na ziko njia za kupata dhahabu pasipo zebaki kabisa. Gharama yake ni fedha kidogo, na anayestahili kuitoa kwanza ni yule anayefaidika zaidi, nayo ni dhahabu ile ile inayomtajirisha mnunuzi.

Basi, msomaji, siku utakapoivaa pete au kuihesabu faida ya biashara yako, usiulize bei peke yake. Uliza pia ni nani aliyevuta moshi wake. Ukiisha kujua jibu, hutakuwa tena na udhuru wa kutojua. Na tangu saa hiyo utapimwa kwa utakalolitenda.