Urithi Uliomo Mifupani

Wanafalsafa wameuliza tangu kale kama kiumbe ni kile alichorithi au ni kile ambacho mazingira yamemfanya, na samaki wanaoanuliwa Osieko, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, wanalipa swali hilo mwili wa kushikika. Sehemu kubwa ya fosforasi ya samaki, yaani madini ambayo pamoja na kalisi huimarisha mfupa, hukaa katika mifupa na magamba, hivyo kiasi chake hutegemea kiunzi ambacho ukoo umekijenga kwa mamilioni ya miaka, si mlo wa juzi peke yake. Uchunguzi wa samaki wa matumbawe nao umeonyesha kwamba nasaba huacha alama katika kemia ya mwili na katika virutubisho ambavyo samaki huvirudisha majini.

Hata hivyo urithi si pingu. Fulu, samaki wa jamii ya siklidi wa ziwa hili, ambalo lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, waligawanyika kwa muda mfupi kuwa mamia ya spishi, wengine wakila konokono, wengine mwani, bila kuacha kuwa ndugu.

Je, urithi huo una kusudi? Aristotle alifundisha kwamba viungo vina makusudi, lakini ni vigumu kudai kwamba mfupa wa omena, yaani dagaa, uliumbwa kwa ajili ya mtoto wa ufuo huu, ijapokuwa omena, kwa kuliwa mzima na kichwa chake, humpa kalisi ambayo minofu ya mbuta, yaani sangara, haimpi. Kalisi ya mbuta hubaki kwenye mgongo wazi, yaani kiunzi kinachosalia baada ya minofu kuondolewa, ambao kiwanda huuona taka na maskini huukaanga.