Simba Wasiotema Maji

Kanisa letu dogo la Mutanga Sud, hapa Bujumbura, lina vichwa vya simba ukutani, chini kidogo ya ukingo wa paa. Ni vya saruji, vimepakwa rangi ya kahawia, na vyote vimefumba midomo. Kimoja kilitoka na masikio marefu kupita kiasi. Watoto wa shule ya Jumapili wanakiita mbwa wa mchungaji. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi, kwa hiyo msomaji asidhani nasimulia makosa ya jirani.

Chanzo kilikuwa picha. Kijana wetu mmoja anayeishi Uingereza alitutumia kwenye simu picha za kanisa la mtaani kwake, lililojengwa zama za Malkia Victoria, aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Tuliona madirisha marefu yenye ncha juu, kama viganja vilivyokutana kwa sala. Tuliona vioo vya rangi, mimbari ya mawe, beseni la ubatizo karibu na mlango, mabenchi yaliyochongwa miisho yake. Na juu, kwenye ukingo wa paa, vichwa vya wanyama wakali vimechomoza shingo nje. Kamati nzima ikapendezwa. Mama mtunza hazina akasema hata watu wa ng'ambo ya mto Ntahangwa watakuja kusali kwetu.

Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kuingia kanisa la aina hiyo. Mapadri Weupe wa Kikatoliki walifungua misheni ya Muyaga 1898 na ya Mugera 1899, Victoria akiwa bado hai, lakini wao walikuja na ramani za kwao. Wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza walifika Burundi miaka ya 1930, na malkia yule alikwisha kuzikwa zamani. Sisi tulichokuwa nacho ni karatasi mbili zilizochapwa kwenye duka la fotokopi, wino wake ukiwa umefifia upande mmoja.

Tulimpata fundi hodari wa matofali, mtu wa Buyenzi, asiyependa maneno mengi. Tukampa zile karatasi, tukapatana bei, tukamlipa nusu. Juma lililofuata nilikwenda Ngozi kwenye msiba wa mama mkwe wangu, nikakaa huko wiki tatu. Mwenyekiti naye alikuwa safarini. Mtunza hazina alifika Ijumaa kwa Ijumaa kulipa vibarua, akaondoka kabla jua halijakuwa kali. Niliporudi, madirisha yalikuwa na ncha zake, vioo vimebandikwa karatasi za plastiki za rangi, na simba wako juu. Tulipiga picha, tukamtumia yule kijana.

Mvua za Novemba ndizo zilizokuja kukagua kazi.

Maji yaliteleza kwenye mabati, yakapita mbele ya pua za simba wetu, yakaanguka wima chini ya ukuta. Kila tone lilirudi juu na udongo mwekundu, hata ukuta mweupe ukavaa soksi nyekundu mpaka magotini. Kufika Krismasi, kando ya msingi palikuwa na mtaro ambao mguu wangu ulizama hadi kifundoni, na ufa mwembamba ulikuwa umeanza kupanda nyuma ya chumba cha mchungaji. Anayekaa Mutanga hahitaji kufundishwa maji ya paa yanaelekea wapi. Yanashuka kwenye korongo la Ntahangwa, na korongo hilo limekuwa likila viwanja na nyumba za watu kwa miaka. Ndani nako, madirisha hayakuwa na bawaba wala tundu. Ilipofika saa nne asubuhi, waumini walijipepea kwa vitabu vya nyimbo, na mahubiri yalikatishwa na sauti ya karatasi.

Sasa nieleze kile ambacho kamati ilipaswa kukiuliza kabla ya kutoa hata faranga moja. Yule mnyama wa ukingoni ni mlizamu. Wazee wa pwani wenye nyumba za sakafu juu wanaujua mlizamu vizuri: ni mfereji mrefu unaotoka ukutani ili maji ya juu yatupwe mbali, yasiulambe ukuta. Wajenzi wa Ulaya ya kale waliuchonga mlizamu wao kwa sura ya simba, zimwi au mtu aliyekenua meno. Koo ndiyo njia ya maji, na shingo imerefushwa ili maji yaanguke mbali na msingi. Karne ya 19, mabomba ya chuma cha kusubu yalikuwa yamekwisha kuichukua kazi hiyo, na makanisa mengi ya zama za Victoria yakabaki na wanyama wa pambo tu. Lakini bomba lilikuwepo! Lilikuwa pembeni ya picha, limepakwa rangi ya ukuta, nasi hatukuliona kwa sababu halikuwa na meno.

Madirisha ni hivyo hivyo. Mengi ya yale yenye vioo vya rangi yana kidirisha kidogo chini kinachoinama kwa ndani kupitisha hewa. Na huko ni Uingereza, kwenye baridi. Augustus Pugin, msanifu aliyewasha moto wa mtindo wa makanisa ya namna hiyo kabla ya kufa kwake mwaka 1852, alishikilia kwamba pambo halibandikwi juu ya jengo. Linatokana na kazi ambayo jengo linaifanya. Sisi tulikuwa tumebandika.

Kikao cha Januari kilikuwa kikali. Wengi walitaka fundi anyimwe salio lake, na nakiri kwamba ni mimi niliyeiandika hoja hiyo. Akaitwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, si mwenyekiti.

"Mzee," akasema, "mlinionyesha simba. Maji hamkunionyesha."

Akavaa kofia, akaenda zake.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Unguja kwenye arusi ya mtoto wa dada yangu, na shemeji akanipeleka Mkunazini kulitazama Kanisa Kuu la Kristo. Hilo ni kanisa halisi la zama za Victoria kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo Sultani Barghash alilifunga mwaka 1873 chini ya shinikizo la Waingereza. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Aliyeisimamia kazi ni Askofu Edward Steere, na paa lake ni kuba refu la zege la matumbawe yaliyopondwa na saruji. Inasimuliwa kwamba watu walitabiri litaanguka. Halikuanguka. Steere mwenyewe alifariki 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Mtembezaji alituleta upande wa magharibi, penye nguzo fupi za mawe. "Zitazameni vizuri," akasema. Zimesimama kichwa chini. Tako la nguzo liko juu, na kichwa kilichochongwa kiko sakafuni. Simulizi ya pale ni kwamba mafundi walizisimamisha hivyo askofu akiwa hayupo, na aliporudi akaamua ziachwe. Wageni waliokuwa nasi wakawacheka mafundi. Shemeji naye akacheka.

Mimi sikucheka, nilikuwa nafikiria Ngozi.

Maana Steere hakuwa mtu wa kukosa maneno. Huyu ndiye aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili, akakusanya hadithi za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, akatafsiri Agano Jipya. Kama kuna Mwingereza wa enzi ile aliyeweza kumwambia fundi wa Unguja "hiki ni kichwa, hili ni tako, na sababu ni hii," basi ni yeye. Fundi yule hakuwa mjinga. Nguzo za nyumba alizozijua huenda hazikuwa na kichwa cha kuchongwa. Na jiwe pana lenye nakshi, ukimkabidhi mjenzi mwenye akili, ataliweka chini libebe uzito. Kuba, ambalo askofu alikuwepo kulisimamia, liko juu mpaka leo. Na nguzo ambazo hakuwepo, ziko vile.

Kuna mfano wa upande wa pili, na naupenda zaidi. Blantyre, Malawi, kati ya 1888 na 1891, mmisionari Mskoti David Clement Scott alijenga kanisa la Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, lenye matao, minara na kuba, bila kusomea usanifu, pamoja na mafundi ambao hawakuwahi kuona jengo la namna hiyo. Alifanya kazi nao pale pale, wakifyatua matofali ya maumbo mengi kwa ajili ya pembe na matao mbalimbali. Fundi aliyelishika tofali kabla halijachomwa hawezi kulisimamisha kichwa chini.

Niliporudi Bujumbura niliomba hoja yangu ya Januari ifutwe. Mtunza hazina alinuna, mwenyekiti akauliza kama Unguja nimekunywa maji ya pepo. Nikawachorea nguzo kwenye kibao cha shule ya Jumapili, kwanza ilivyo Mkunazini, kisha ilivyotakiwa. Halafu nikachora paa letu na mishale ya maji. Kikao kilikuwa kifupi.

Kabla ya kazi ya pili kuanza, tulimwita fundi siku ya mvua. Tukasimama naye chini ya mwembe, kamati nzima, tukayatazama maji kwa muda wa nusu saa. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba upande wa kusini una maji mengi kuliko wa kaskazini, jambo ambalo hakuna katibu aliyekuwa ameliandika. Akafunga mifereji ya bati ukingoni, akashusha mabomba kwenye tangi, na maji hayo sasa ndiyo yanayoosha mabenchi. Madirisha aliyakata chini, akatia bawaba. Wakati wa kufunga bomba la tatu, simba mmoja alibanduka akaanguka. Fundi akataka kumrudishia, tukamwambia amwache.

Salio lake tulimlipa lote mwezi Juni. Simba watano wamebaki, mmoja wao ni mbwa wa mchungaji, na bomba jeupe linapita kando ya sikio lake.