Makofi ya Mkutano si Ridhaa

Wanangu, mmekuja kuniaga kabla hamjapanda milimani Same kujitolea katika shule ya msingi, nami nimefurahi. Mmenionyesha mchoro wa madarasa mawili, orodha ya mifuko ya saruji na ratiba ya wiki sita. Vyote vimepangwa vizuri. Lakini nilipowauliza wanakijiji wamesema nini, mlijibu kwa pamoja kwamba mkutano ulipiga makofi. Hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka, na ndiyo sababu nimewaomba mkae kidogo.

Nimefundisha shule za vijijini tangu ujana wangu. Mimi ni mmoja wa wale tulioitwa walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo Novemba 1977, na walimu hawakutosha. Tukachukuliwa vijana tuliomaliza darasa la saba, tukawa tunafundisha watoto na huku sisi wenyewe tunafundishwa ualimu. Madarasa yenyewe yalijengwa na wazazi. Kwetu Upare kazi ya namna hiyo ni msaragambo: pembe inapigwa, kila kaya inatoa mtu, na asiyefika bila sababu anatozwa faini. Sikusimuliwa hayo. Nimebeba mawe katika msaragambo, na nimewaona akina mama wakipandisha mchanga kutoka mtoni kwa ndoo kichwani.

Sasa nisikilizeni juu ya choo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa, watoto walimiminika. Shule niliyokuwa nikiiongoza ilikuwa na matundu manne tu ya choo. Kanuni yetu ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, hivyo shule yenye wasichana 200 na wavulana 200 inahitaji matundu 18. Pigeni hesabu hiyo wenyewe mjue tulikuwa wapi. Wakaja vijana kama ninyi, wenye moyo safi, na fedha za kujenga choo. Walikuwa na wiki tatu. Wakaitisha mkutano, wakaeleza, wakaonyesha eneo nyuma ya darasa la nne, mahali tambarare penye udongo laini unaochimbika upesi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Kimya. Makofi yakapigwa.

Jioni ile mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga kando ya uwanja wa shule alinifuata. Akaniambia, "Mwalimu, pale si ni njia ya maji?" Nami nilijua. Nilikuwa nimeona masika ngapi pale! Lakini nilinyamaza. Nilijiambia wageni wametoka mbali, fedha wanazo mkononi, nikiwapinga watazipeleka shule nyingine, na wazazi watanilaani. Niliuita ukimya ule adabu. Leo nauita kosa, na ni langu.

Walifanya kazi kwa bidii, siwezi kuwanyima haki hiyo. Walichimba, wakajenga, wakamwaga zege, wakapaka rangi, wakapiga picha, wakaondoka. Masika ya mwaka uliofuata maji yalipita njia yake ya siku zote. Ukuta wa shimo ukatitia usiku mmoja, na jengo likaangukia ndani. Namshukuru Mungu ulikuwa usiku. Wasichana wa darasa la sita na la saba wakarudi kwenye migomba, na kila mwezi kukawa na siku ambazo madawati yao yako wazi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwa nini.

Kwa hiyo ninawasihi: makofi ya mkutano msiyahesabu kuwa ridhaa. Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, lakini tazameni nani anasema. Wanasema wenye vyeo na wazee wachache wanaume. Akina mama wako nyuma na watoto mgongoni, na ndio wanaojua kisima kinakauka mwezi gani, na mtoto wa nani ameacha shule kwa sababu ya kuchunga. Tena sisi tumelelewa kumheshimu mgeni. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenye kutarajia kupona hatakubishia dawa uliyomletea.

Mkifika, kaeni siku chache bila kutaja mchoro wenu. Choteni maji na watu, nendeni shambani, kaeni jikoni. Halafu ulizeni, lakini msiulize "Mnahitaji nini?" Ukiuliza hivyo watakutajia kile wanachoona umekibeba. Ulizeni mwaka jana wao wenyewe waliifanyia shule nini, na kilichowashinda ni kipi. Huenda mkaoneshwa boma lililosimama hadi usawa wa lenta, limeota nyasi, kwa sababu mabati yalikosekana. Kulimaliza boma la watu ni heshima kubwa kuliko kuanza jengo jipya lenye majina yenu ukutani. Wasichana wakubwa waulizwe na dada zenu mlio nao, peke yao, pasipo mwalimu wa kiume wala mwenyekiti. Muulizeni na mlinzi wa shule. Ulizeni nani atashika ufunguo, na bati likipeperushwa na upepo nani atapanda juu kulirudishia.

Na msianze kazi kabla hamjakataliwa jambo moja. Hili nalisema kwa uzito. Siku mzee fulani atakaposema, "Hapana, wanangu, hapo hapafai," au mama atakaposema kwamba siku mliyopanga ni siku ya gulio, au kwamba watu wako kwenye tangawizi na hawatatoka, siku hiyo mshukuruni. Maana yake wameacha kuwaona kama wageni wa kupigiwa makofi. Hapo ndipo pembe ya msaragambo inaweza kupigwa na watu wakaja.

Mtawakuta pia wazazi watakaowaambia kwamba tangu Januari 2016 elimu ni bila malipo, basi shule ni mali ya serikali na wao hawana kazi nayo. Msibishane nao. Lakini msifanye wenyewe kila kitu wakiwa wamekaa kivulini wanawatazama, kwani mtakuwa mmewathibitishia. Bora mjenge darasa moja na kijiji kuliko mawili bila kijiji. Kama wiki sita hazitoshi, rudini likizo ijayo.

Darasani nako mtaitwa. Kuna upungufu wa walimu, na mwalimu aliyechoka atafurahi kuwaachia kipindi. Msikubali kufundisha yeye akiwa ofisini. Mtakuta watoto wa darasa la tatu wasiounganisha silabi, kwa kuwa lugha ya nyumbani ni Chasu na ya darasani ni Kiswahili na watoto wamejaa hadi mlangoni. Wachukueni watano watano, chini ya mti, herufi mchangani, mwalimu wao akiwa pamoja nanyi na kijana mmoja wa kijijini aliyemaliza kidato cha nne. Mkishaondoka, hao wawili ndio watakaobaki na kazi hiyo. Na picha za watoto peku msizipige. Mama zao wana simu, wataziona.

Sitaki mdhani nawavunja moyo. Shule zetu hazijawahi kujengwa bila watu wa kujitolea, na nguvu zenu nazihitaji kuliko mnavyojua. Mchoro wenu chukueni, ila uchoreni kwa penseli.

Choo cha pili kilijengwa na wanakijiji wenyewe, mwaka mmoja baadaye, juu upande wa kanisa kwenye udongo mgumu wenye mawe. Kulichimba shimo lile kulichukua miezi mitatu. Mahali penyewe tulionyeshwa na yule mama wa karanga, na hadi leo wasichana wanakitumia.